Huyu, Hili

Nyumbani kwetu Mlandege, juu ya meza ya mninga, pana tangi la kioo la lita 60 lenye maji ya bahari. Ndani yake anaishi kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni na masharubu meupe marefu kuliko mwili wake. Jamii yake huishi katika matumbawe ya Bahari ya Hindi. Wataalamu huiita Lysmata amboinensis. Chakula chake ni vijidudu na ngozi iliyokufa juu ya miili ya samaki, nao samaki husimama mbele yake kwa utulivu, hata wale wawezao kummeza. Nikitia mkono tangini, hupanda kidoleni akaanza kunichokoa kucha.

Nilipotaka kumtungia shairi nilikwama kwenye jina. “Kamba msafishaji” lina harufu ya ofisi. “Uduvi” lilimchekesha mama: uduvi wake yeye ni ule mkavu, wa kuungwa kwa nazi. Alimtazama kamba akitembea juu ya kichwa cha samaki, akasema, “Huyu kinyozi.” Basi akawa Kinyozi.

Neno lenyewe “kamba” ni mtego mzuri kwa mshairi. Kamba hii imekatika. Kamba huyu amekufa. Herufi zile zile, ngeli ile ile ya umbo, lakini upatanisho ndio unaotoa roho au kuitia. Vijana nao wakisema wamefungwa kamba, maana yake wamedanganywa.

Kabla ya Kinyozi walikuwapo wawili. Samaki waliota madoa meupe, nikanunua dawa dukani, muuzaji akaniapia kwamba haina madhara. Ilikuwa na shaba. Kiasi cha shaba anachokistahimili samaki humuua kamba. Asubuhi niliwakuta wote wawili wamelala ubavu. Niliwazika katika chungu cha mrehani, nisiandike kitu. Wiki nzima nilimlaumu muuzaji, ingawa neno shaba lilikuwa limeandikwa kwenye chupa kwa herufi ndogo, nami ni mtu ninayejigamba kwa kusoma. Na kwa kuwa shaba hung’ang’ania mawe na mchanga, nilivitupa vyote, nikachota madumu mapya ya maji Fumba, nikaanza upya.

Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika, pampu ya hewa ikanyamaza. Saa tisa niliamka, nikamulika tangi kwa simu. Kinyozi alikuwa chini mchangani, amepauka, hatikisiki, masharubu yake yote yamekamilika. Nilikaa mezani nikatunga beti sita za tarbia, zenye vina vya kati na vya mwisho, kabla ya adhana ya alfajiri. Sijapata kutunga kwa wepesi ule.

Mama aliposali alikuja akaniona.

“Nani kafa?”

“Kinyozi. Huyu hapa.”

Akainama kiooni. “Hilo gamba, mwanangu. Mwenyewe kajificha.”

Kweli alikuwa nyuma ya jiwe, mzima, rangi imemkolea, hataki kuonekana. Gamba la kamba halikui pamoja naye; hulivua zima, hata la masharubu, kisha hukaa mafichoni mpaka jipya ligande. Mwaka 2011, CCM ilipotangaza kujivua gamba, tulilichukua neno hilo kama kutupa uchafu, na wengine tulilifanyia mzaha. Mwenye kulivua kweli huwa laini, na yeyote apitaye aweza kumla. Sikumbuki kama kuna aliyelitumia neno kwa maana hiyo.

Gamba nimelihifadhi katika kisanduku cha kibiriti. Beti nazo sikuzichana. Kwanza nilidhani nitazisahihisha kwa kuweka “hili” penye “huyu”, maana mizani haipungui wala haizidi, lakini nani atamwombolezea gamba? Kisha nikajaribu “hawa”. Mizani ni miwili vilevile. “Amelala” ikawa “wamelala”, na mizani ikabaki minne. Beti tano zimegeuka hivyo bila kupinga, kana kwamba tangu awali zilikuwa za wale wa chungu cha mrehani.

Wa sita ndio unaopaswa kuitaja shaba, na nani aliyeitia majini. Huo bado sijauweza.