Mwalimu Bora wa Kiwanda Tayari Ako kwa Laini

Wasee, kibarua changu cha kwanza baada ya kuacha chuo kilikuwa kiwanda cha nguo huko EPZ, Athi River. Siku ya kwanza supavaisa alishona mfuko mmoja wa jinzi, haraka hivi, akaniambia, "Umeona? Endelea." Akaenda.

Sikuwa nimeona kitu. Hizo cherehani si kama ya fundi wa mtaani. Ukigusa pedali kidogo tu, inakimbia na kitambaa. Kufikia saa sita nilikuwa nimeharibu vipande vya kutosha kufutwa.

Aliyeniokoa ni mathe wa mashine ya pili. Alichora mistari kwa karatasi, akatoa uzi kwa sindano. "Kijana wangu, fuata mstari kwanza." Nikafuata. Halafu tukaingia kwa mabaki ya kitambaa: anashona polepole akinieleza kwa nini, nami nashona nikimweleza ninachofanya. Kesho yake akarudi kuniangalia.

Baadaye nilisoma kwamba Marekani ilifunza wafanyakazi wa viwanda karibu hivyo hivyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: mtayarishe, mwonyeshe, mwache ajaribu, kisha ufuatilie. Toyota wakaichukua njia hiyo miaka ya 1950. Mathe hakuwa amesoma hayo popote. Alikuwa anajua tu.

Lakini kila dakika aliyonipa ilitoka kwa tageti yake. Wiki hiyo alikosa bonasi. Hakuniambia, nilisikia kwa wengine.

Ndiyo maana mwajiri akisema mafunzo ni ghali, mimi huuliza: ghali kuliko nini? Kuliko jinzi zilizoharibika? Kuliko kuandika watu wapya kila mwezi? Karatasi ni bure, mabaki yanatupwa. Kitu pekee cha kulipia ni muda wa anayefunza. Mpunguzie tageti kwa hizo siku chache, bonasi yake isiguswe. Na tayari sheria inamtaka mwajiri alipe NITA shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Akifunza watu kwa utaratibu uliokubaliwa, anaweza kuomba kurudishiwa gharama. Pesa ya kuanzia ndiyo hiyo.

Kwa sasa, anayelipia mafunzo ni mathe, kutoka mfukoni mwake. Hiyo si kubana matumizi, ni kumtwika mwingine bili.

Wewe nani alikufunza kazi? Na alilipwa?