Ruhusa Tuliyompa Mfungaji

Barazani kwetu Amani, Zanzibar, wazee tukikaa, lawama ni ile ile: vijana wa siku hizi wameharibika. Nasikia, sikubali. Uwanja wa Amaan ulipofunguliwa mwaka 1970, vijana tulikuwa sisi, na mfungaji hodari alikuwa na ruhusa ambayo seremala hakuwa nayo. Akimdhalilisha mtoto wa watu, wakubwa wa timu walibisha hodi usiku kwa baba mtu. Kanzu nyeupe, maneno laini, suluhu. Ikishindikana, ndoa. Kesho yake kijana yuko mazoezini, na msichana kapelekwa shamba kwa bibi yake.

Si misuli iliyomtia ujasiri. Alijua tutamtetea, kwa sababu Jumapili tuna mechi.

Siku hizi njia zipo. Kituo cha Mkono kwa Mkono kipo hospitali ya Mnazi Mmoja tangu 2011: daktari, polisi na mshauri mahali pamoja, mwathirika asizungushwe. Mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji ilianza 2021. Lakini vyote hivyo huja baada ya tendo, na vinamtaka shahidi aliye tayari kusema.

Robinho, aliyeichezea Brazil na Real Madrid, alihukumiwa Italia miaka 9 kwa kumbaka mwanamke mjini Milan mwaka 2013. Jela aliingia Machi 2024. Linaloniuma zaidi ni kwamba walikuwa kundi. Rafiki mmoja tu angesema "basi", huenda pasingekuwa na kesi.

Huyo wa kusema "basi" hufundishwa. Huko Sacramento, Marekani, makocha wa shule za sekondari waliombwa kila wiki watenge kama robo saa wazungumze na wavulana juu ya kuwaheshimu wasichana. Utafiti uliotolewa 2012 ulionyesha wachezaji hao wakiwa wepesi zaidi kumzuia mwenzao. Robo saa! Makocha wetu huimaliza kumgombeza refa.

Na kocha ana sauti ambayo sisi wazazi hatuna. Mwanangu akiambiwa na mimi avue kofia, hununa. Kocha akimwambia azunguke uwanja mara kumi, anakwenda mbio.

Kamati ya timu ya mtaani wakija tena na daftari la mchango wa jezi, nitatoa. Ila kwanza waniambie: likitokea, nani ataongozana na msichana hadi Mnazi Mmoja? Na wale wa kanzu za usiku, nani atawafungia mlango?