Usiku wa Tatu



Wapenzi wasomaji, likizo ya Disemba inakaribia, na najua majumbani mwenu hesabu zimekwisha anza: nani atashuka kutoka Nairobi, watoto watapelekwa wapi, na fedha zitatoka wapi. Mwaka jana nasi tulipiga hesabu hizo. Ndani yake nikafunzwa somo ambalo nimelisomesha wengine kwa miaka mingi. Nimeona niwasimulie, ijapokuwa sehemu yake inanitia haya.

Binti yetu ni muuguzi Nairobi. Alipewa ruhusa fupi: ashuke kwa treni Ijumaa, arudi kwa treni ya Jumapili usiku. Mama yangu, ambaye umri wake ni miaka 80 na ushei, alikuwa ameomba jambo moja tu, nalo ni kuamka alfajiri ufukweni na wajukuu wake wote wakiwa kando yake. Mke wangu akatafuta, akapata kambi ya mahema upande wa Kwale, mahali pa stara, pana kisima na msikiti u karibu. Hema moja ni Ksh 4,000 kwa usiku. Mahema mawili kwa usiku mbili ni Ksh 16,000, na fedha hizo alikuwa nazo tayari, kwa kuwa zamu yake ya chama ilikuwa imefika.

Alipopiga simu akaambiwa kwamba kuanzia katikati ya Disemba hadi mwaka mpya uishe, kambi haipokei mgeni wa chini ya usiku tatu. Jumla ikawa Ksh 24,000, na usiku wa tatu hatutakuwapo.

Nilikasirika. Na mtu aliyesoma akikasirika hutafuta dalili ya kuipa hasira yake kilemba. Nikasema hii ni dhuluma, ni kumlipisha mtu kitu asichokitaka, na kwamba nitaizungumza mimbarini. Nikachukua simu, nikampigia msimamizi wa kambi.

Alikuwa kijana wa Kidigo mwenye adabu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Shekhe wangu, kila mtu aitaka Jumamosi. Wewe ukichukua Ijumaa na Jumamosi, na wageni wa Krismasi wakaingia Jumatatu, Jumapili yangu yabaki yatima, haina wa kuitaka. Na kila mgeni aondokapo, shuka hufuliwa, mahema hukung'utwa na maji ya bauza hununuliwa upya, awe amelala usiku mmoja au saba. Njoo mwezi wa Mei, hata usiku mmoja nitakupa. Lakini Mei ni mvua, mahema yamekunjwa, na mpishi na mlinzi wana watoto wa kulisha Mei kama Disemba."

Sikuwa na jibu. Baadaye nikajua kwamba desturi hii haiko kwake peke yake. Kambi maalumu katika mbuga zetu za taifa zilitozwa kwa miaka mingi ada ya kuhifadhi nafasi kwa wiki nzima, hata kama mgeni analala usiku mmoja. Na mpwa wangu aliyeko Marekani akanieleza kwamba kambi nyingi za serikali huko, ukitaka wikendi ya kiangazi sharti uchukue Ijumaa na Jumamosi pamoja, na wikendi ya sikukuu huwa ni usiku tatu.

Nikarudi vitabuni, mahali nilipopaswa kuanzia. Kukodi hema ni ijara, yaani kununua manufaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa ujira unaojulikana. Mwenye mali ana haki ya kusema, sikodishi chini ya muda fulani, maadamu amelitangaza sharti lake kabla ya fedha kupokewa na hakuna aliyelazimishwa. Qur'ani katika Suratun Nisaa inatutaka biashara zetu ziwe za kuridhiana, na Suratul Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba. Kijana yule hakunificha kitu, wala hakunishika mkono. Neno "dhuluma" nililitumia mahali pasipo pake.

Jioni ile kijana wangu wa kiume akaleta rai. "Baba, tulipe usiku tatu. Jumapili asubuhi tuseme tumepata msiba, tuombe turudishiwe fedha za usiku mmoja. Watu wengi ndivyo wafanyavyo."

Wasomaji wangu, nilipaswa kumkemea papo hapo. Badala yake nilinyamaza, na katika kimya kile nilikuwa nikipiga hesabu ya Ksh 8,000. Mke wangu aliniona. Hakunikaripia mbele ya mtoto. Alimwambia kijana, "Maiti haazimwi," kisha akanigeukia mimi na kuniuliza taratibu, "Na Maulidi je?"

Hapo ndipo penye haya yangu.

Mimi na dada yangu tumerithi nyumba ya marehemu baba yetu kule Langoni, Lamu. Vyumba viwili vya juu huvikodisha. Kila Mfunguo Sita, Maulidi ya Riyadha yanapokaribia, Lamu hujaa wageni kutoka pwani yote hadi Tanzania. Nilipokuwa mdogo, wageni wale walilala majumbani mwetu, na sisi watoto tulihamia dari kwa furaha. Hakuna aliyeulizwa atakaa siku ngapi. Siku hizi nami nimeweka bei, na sharti nililoweka ni usiku tatu.

Katika Maulidi yaliyopita, mwangalizi wa nyumba alinipigia simu baada ya Isha. Mlangoni alikuwapo mama mmoja na mtoto, wametoka Witu, wamechelewa kuvuka, na aliyeahidi kuwapokea hapatikani kwa simu. Alikuwa na fedha za usiku mmoja tu. Chumba kimoja kilikuwa wazi, kwani mgeni aliyekiagiza hakutokea. Nikasema, "Sharti ni usiku tatu. Tukimfungulia huyu, kesho watakuja kumi." Mama akaenda zake. Chumba kile kilibaki kitupu usiku ule, na usiku uliofuata, na wa tatu.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mgeni ana haki ya kukirimiwa mchana wake na usiku wake, ukarimu ukomee siku tatu, na baada ya hapo ni sadaka. Tazameni jinsi tulivyoigeuza hesabu. Usiku tatu ulikuwa mpaka wa mwisho wa kumvumilia mgeni. Mimi niliufanya kizingiti cha kumzuia asiingie.

Mtauliza, je, si nimesema sharti lile ni halali? Ndiyo, na sijarudi nyuma. Lakini sharti la kijana wa kambi na sharti langu yalifanana kwa maneno tu. Mimi nilikuwa nikitafuta mapumziko. Nikikosa hema nitalala kwangu. Yule mama alikuwa msafiri usiku, na mtoto mkononi. Kijana alikuwa akiilinda Jumapili isibaki yatima. Mimi sikuwa nikilinda chochote, kwa sababu usiku ulikwisha ingia na chumba ki kitupu. Sharti huwekwa kwa sababu, na sababu ikiondoka hubaki ukaidi wa mwenye mali. Sheria yetu inampa mtu haki yake, na Mola huyo huyo ameamrisha uadilifu na ihsani pamoja. Ndiyo maana wanazuoni wakaiwekea mlango iqala, yaani kukubali kumfungua mwenzako katika mkataba alioujutia, na Mtume (S.A.W.) ameahidi malipo makubwa Siku ya Kiyama kwa afanyaye hivyo.

Asubuhi nilimpigia tena msimamizi, nikamwomba radhi kwa ukali wangu, nikamweleza ukweli wetu wote. Nikamwuliza: nikilipa usiku tatu, waweza kuniruhusu wa tatu niwape watu wengine? Manufaa yakishalipiwa ni ya mpangaji, na katika madhehebu yetu ya Shafii anaweza kumpa mwingine ayatumie. Akacheka, akasema, "Shekhe, mimi nataka mahema yangu yalaliwe. Nani alala ni shauri lako." Ile Ksh 8,000 niliitoa katika fedha za vyumba vya Lamu. Jumapili binti yetu alipokwenda kuwahi treni, aliingia mjane mmoja wa chama cha mke wangu na watoto wake watatu, ambao hawajapata kulala ufukweni maishani mwao.

Na mama yangu aliamka alfajiri mara mbili, akiwa na wajukuu wake wote.

Yule mama wa Witu nilimtafuta kupitia mwangalizi wetu. Nilipompata kwa simu nikajitambulisha, nikamwomba anisamehe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba usiku ule alichukuliwa na ajuza mmoja mwuza mahamri, mwenye chumba kimoja na kitanda kimoja. Ajuza alilala chini, na fedha akazikataa. "Nimekusamehe, Shekhe," akasema, "lakini yule bibi usimsahau katika dua zako." Sijamsahau.

Kwa hivyo, kina mama mnaopanga safari, ulizeni idadi ya usiku kabla ya kutuma arubuni, na ulizeni pia iwapo itarudishwa. Wengi wa maimamu, akiwamo Shafii, hawakuijuzisha arubuni isiyorudi. Imamu Ahmad aliijuzisha, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa mwaka 1993 likaikubali ikiwa muda wa kungoja umewekwa. Usiku ukizidi haja yenu, shirikianeni na jamaa au jirani, au nendeni msimu wa wageni ukipita. Lakini msimzulie mtu maradhi wala msiba ili kuokoa fedha, maana watoto wanasikiliza.

Na nanyi wenye vyumba na mahema, wekeni masharti yenu, ni haki yenu. Kwetu Lamu sharti la usiku tatu lingalipo, ila sasa lina kikomo. Chumba kikiwa kitupu baada ya Isha, msafiri wa kwanza kubisha hodi atafunguliwa, hata kwa usiku mmoja.

Ewe Mola, tusamehe milango tuliyoifunga, na utujaalie wa kutufungulia siku tutakapokuwa sisi tunaobisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.