Nyasi Kati ya Rejeta Mbili

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitumia katika insha nyingi na kutuzwa alama nzuri. Hata hivyo, maana yake kamili niliipata katika likizo ya Agosti mwaka wa 2019, nikiwa kidato cha tatu, mbele ya boneti iliyofunuliwa ya gari la mjomba wangu.

Kwetu ni Voi, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi na unaopakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, mjomba alikopa fedha katika chama cha ushirika, akanunua gari la mtumba la abiria saba, akawa akiwapokea wageni stesheni na kuwazungusha mbugani. Gari hilo ndilo lililotulisha. Ndilo lililowalipia karo binti zake wawili pamoja nami, niliyekuwa nimeondokewa na baba. Kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa moja tu: kuliosha.

Msomaji ambaye hajafika Tsavo wakati wa kiangazi afahamu kwamba nyasi za huko hukauka zikawa na rangi ya simba, na mbegu zake ni nyepesi mno. Gari lipitapo, mbegu hizo hurushwa hewani zikaingia kupitia matundu ya mbele pamoja na vumbi jekundu na mabawa ya wadudu. Nyuma ya matundu hayo mna rejeta mbili. Ya mbele ni ya kiyoyozi, ambayo kitaalamu huitwa kondensa. Kazi yake ni kulitoa nje joto lililoondolewa ndani ya gari. Nyuma yake, kwa nafasi ya vidole viwili hivi, ndipo ilipo rejeta yenyewe, inayopoza maji ya injini. Zote mbili zina mapezi membamba ya aluminiamu, na sharti hewa ipenye katikati ya mapezi hayo. Hewa ikizuiwa, joto hukosa pa kutokea.

Hayo yote sikuyajua. Nilichokiona mimi siku ya kwanza ya likizo ni uso wa gari uliojaa mbegu na panzi waliokauka, nikaona haya wageni walikute katika hali ile. Nililipeleka kwa rafiki yangu aliyekuwa na mashine ya kuoshea magari, nikashika mpira, nikaelekeza maji ya nguvu moja kwa moja penye matundu. Baada ya dakika chache rejeta ya mbele iling'aa. Mjomba alinisifu, nami nikavimba kichwa.

Haikupita juma moja kabla ya kiyoyozi kuanza kulegea kila gari liliposimama, kisha kikarudia ubaridi wake lilipokwenda kasi. Gari lilikuwa likisema nasi, ila hatukuijua lugha yake. Baadaye mshale wa joto ulianza kupanda. Fundi mmoja alibadilisha thamostati, mwingine akabadilisha pampu ya maji, na kila mmoja akaondoka na fungu lake. Wote walitazama mbele, wakaona mapezi safi, wakaridhika.

Katika juma la mwisho la likizo, mjomba alipata wageni wanne waliotaka kwenda Wundanyi, juu katika Milima ya Taita. Alinichukua nimsaidie mizigo. Tulipopita Mwatate na kuanza kuukwea mlima, gari lilikwenda polepole, injini ikifanya kazi ya jasho huku kiyoyozi kimewashwa. Kondensa ilikuwa ikiipasha moto hata ile hewa kidogo iliyobahatika kuifikia rejeta. Ghafla mvuke mweupe ulitoka chini ya boneti. Mjomba aliegesha kando, akazima injini, akatukataza katakata kugusa kifuniko cha rejeta. Alijua kuwa maji yaliyobanwa humo huweza kupita nyuzijoto 100, na kwamba afunguaye kifuniko kingali moto huweza kubabuka uso. Tulingoja karibu saa nzima. Oili ilipopimwa, ilikuwa imegeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Gasketi ilikuwa imeungua na kichwa cha injini kimepinda. Wageni walitafutiwa gari jingine, na fedha zao wakarudishiwa.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi mmoja mzee. Yeye hakuanza na injini. Alifungua vishikizo vya juu vya rejeta, akailaza nyuma kidogo, akamulika tochi katika ile nafasi ya vidole viwili. Kisha akaingiza mkono, akachomoa kitu mfano wa kipande cha blanketi: mbegu, vumbi na mabawa ya nondo, vyote vimeshikamana kwa maji yaliyokauka. Akapitisha kidole juu ya mapezi ya kondensa, ambayo yalikuwa yamelala kama mahindi yaliyopigwa na dhoruba.

"Hii imeoshwa kwa mashine," alisema. "Uchafu umesukumwa ndani. Nani alifanya hivi?"

Ulimi ulinikauka. Kabla sijaupata, mjomba alijibu, "Ni mimi, mzee. Nilikuwa na haraka."

Mzee alimkaripia mbele ya vijana wote wa gereji, naye akainamisha kichwa kama mtoto. Nilisimama pale na ndoo mkononi, nikatamani ardhi inimeze.

Kisha mzee alituonyesha namna ifaavyo. Kwanza injini ipoe, na betri itenganishwe, kwa maana feni ya umeme huweza kuzunguka yenyewe. Mabomba ya kiyoyozi yasifunguliwe, kwani yana gesi iliyoshinikizwa. Takataka kubwa ziondolewe kwa mkono, vumbi lipigwe kwa brashi laini kufuata mlalo wa mapezi, kisha maji ya mpira wa kawaida yapitishwe kutoka upande wa injini kuja mbele, ili uchafu utoke kwa njia ileile ulioingilia. Mapezi yaliyolala yanyanyuliwe moja moja kwa subira. Mwisho, tochi iwekwe nyuma. Mwanga ukipenya, hewa nayo itapenya.

Usiku ule nilimwendea mjomba, nikaungama. Alinyamaza kitambo.

"Nilijua, mpwa wangu," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyekupa gari uoshe bila kukuonyesha linapopumulia."

Shule zilipofunguliwa nilibaki nyumbani majuma matatu, kwa kuwa karo ilikuwa imekwenda kwa kichwa cha injini. Majuma hayo niliyatumia pale gereji nikinyanyua mapezi kwa kijiti, na sikulalamika. Nilikuwa nimesafisha palipoonekana ili nisifiwe, na palipostahili kusafishwa nikapaziba kwa mikono yangu mwenyewe.

Mjomba angali anawapokea wageni stesheni kwa gari lilelile. Kila nirudipo likizoni kutoka chuoni, jioni ya kwanza huchukua brashi na tochi, nikainama chini ya boneti. Naye huja akasimama upande wa pili, haulizi neno, hadi auone mwanga ukipenya.