Kulea Uzazi wa Mpangaji

Kwetu Kibosho mwanamke akijifungua anakaa ndani hata miezi mitatu. Analetewa mtori, supu, maziwa na mlaso, ile damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa na mafuta, ambayo bibi zetu waliamini inarudisha nguvu zilizopotea siku ya uchungu. Mama mkwe ndiye mpishi, na siku mzazi anapotoka nje, wanawake wa kijiji wanamtazama mashavu ili wajue mkwe huyo ni mtu wa namna gani. Mimi nililelewa hivyo kwa watoto wangu wote. Nilipostaafu ualimu na kuhamia kwenye nyumba yangu Olasiti, Arusha, nilijua ipo siku nitawalea hivyo wakwe zangu. Uzazi wa kwanza ulionikuta pale, hata hivyo, ulikuwa wa mpangaji, tena Mwislamu kutoka Kondoa, na mimi ni Mkatoliki wa rozari kila jioni.

Ilikuwa Aprili 2013, masika yamekolea. Olasiti ya wakati ule mahindi ya Waarusha yalikuwa bado yanaota katikati ya misingi ya nyumba mpya, na ukishuka kwenye kifodi unatembea kwenye tope hadi mlangoni. Mpangaji wangu alikuwa fundi ujenzi, na mkewe hajatimiza hata miaka 20. Waliporudi kutoka kujifungua na mtoto wao wa kike, yule kijana alikuja barazani kwangu jioni, viatu mkononi.

“Shikamoo Mwalimu. Mama yake alikuwa aje, sasa anaumwa, hawezi kusafiri. Na mimi sina mama.”

Hakuomba chochote zaidi ya hapo. Mtu akikueleza hivyo ameshaomba.

Asubuhi yake niliingia chumbani kwao, nikamsalimia binti, nikamwuliza kabla sijawasha jiko: mzazi kwenu anakula nini, na hali nini? Mlaso ndio niliokuwa nao kichwani. Alinijibu kwa aibu, “Mwalimu, damu kwetu haramu.” Kisha akanyamaza, na katika kunyamaza kule nikaona kuna lingine. Pasaka ilikuwa imepita wiki chache tu, na harufu ya kitimoto changu ilikuwa imefika hadi kwenye vyumba vya wapangaji. Alijua sufuria zangu zimepikiwa nini. Hangesema kamwe. Angekipokea chakula kwa adabu, angesema ahsante, na angelala na njaa.

Nilipanda kifodi hadi soko la Kilombero nikanunua sufuria mbili mpya, mwiko na kisu. Nilimkabidhi yeye avitunze chumbani kwake, niwe navifuata nikitaka kupika na kumrudishia nikishaosha. Nyama nilimwachia mumewe akanunue mwenyewe. Siku zile jambo la kuchinja halikuwa dogo katika nchi yetu: Februari mwaka ule, kule Buseresere mkoani Geita, watu waligombana juu ya nani achinje, na mchungaji mmoja akauawa. Mwezi huohuo Padre Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar akafa. Habari hizo zilikuwa midomoni mwa watu kwenye kila kifodi. Ndani ya uzio wangu tuliendelea na mtori: ndizi zilizomenywa asubuhi, nyama ya mfupa iliyochemka hadi ikaachia, vyote vikapondwa kwa mwiko mpya hadi mwiko unasimama. Binti alikula bakuli la kwanza akaomba la pili.

Kukanda hakukutupa shida, maana hilo tunalifanya sote, Kibosho hata Kondoa. Unachemsha maji, unayaacha yapoe kiasi cha mkono kuvumilia, unachovya kitambaa kizito, unakamua na kubandika tumboni, kisha kiunoni, kisha mgongoni. Unamaliza kwa mafuta na kumfunga khanga tumboni, umkaze lakini apumue. Wakati wa kukanda ndipo mwanamke anasema. Aliniambia mumewe alimwadhinia mtoto sikioni hata kabla hajamtazama vizuri uso. Aliniambia siku ya saba atanyolewa nywele na kuchinjiwa mbuzi wa akika, mmoja kwa kuwa ni msichana. Akaniuliza kama nitakasirika wakimpaka tende kidogo kwenye kaakaa. Kliniki walikuwa wamemfundisha kwamba mtoto hapewi kitu hadi miezi sita ila ziwa la mama, nami naliamini somo hilo kwa moyo wote. Lakini chembe ya tende kwenye ncha ya kidole cha baba yake, mara moja, nikaona si mahali pa kugombana. Nilimwambia baba anawe mikono kwa sabuni. Siku ya akika nililetewa nyama yangu kwenye sahani iliyofunikwa, mimi na majirani wote, na wa Biblia na wa Kurani.

Jumapili tarehe 5 Mei ilikuwa sikukuu yetu. Parokia yetu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi ilikuwa inazinduliwa, na Balozi wa Papa, Askofu Mkuu Francisco Padilla, alikuwapo pamoja na Askofu Mkuu wetu Josaphat Lebulu. Umati ulikuwa mkubwa, wengine tuko nje. Misa ikiwa ndiyo inaanza, bomu likarushwa katikati ya watu. Siwezi kueleza mlio. Ninachokumbuka ni viatu, vimetapakaa kila mahali, vya watoto na vya watu wazima. Maaskofu hawakuumia. Watu watatu walifariki na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Nilimshikilia mama mmoja mguu kwa kitenge changu hadi gari lilipomchukua.

Nilirudi nyumbani mchana, nimekauka koo. Mlango wa wapangaji ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kamba ya kuanikia haikuwa na nepi hata moja. Kijana alitoka akasimama uani, hajui aweke wapi mikono.

“Pole sana, Mwalimu. Ukitaka tuondoke, tutaondoka leo.”

Hasira nilikuwa nayo, nisiseme uongo. Ilinijaa kifuani, inatafuta mtu wa kumwangukia, na mtu wa kwanza aliyesimama mbele yangu alikuwa Mwislamu. Nilimtazama. Alikuwa na saruji kwenye kucha na usingizi wa baba wa mtoto mchanga machoni. Nikamwambia, “Mtoto hajatimiza arobaini, mnakwenda naye wapi? Nipe sufuria nipike.”

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Ndugu wa jumuiya waliokuja kunipa pole walishusha sauti wakauliza kama naona ni salama kuishi na wale. Polisi walikuwa wanakamata watu na uvumi ulikuwa unakwenda mbio kuliko wao. Tarehe 15 Juni bomu jingine lilirushwa kwenye mkutano wa CHADEMA uwanja wa Soweto, na Arusha ikazidi kuogopana. Binti hakutaka kwenda kliniki na hijabu yake, wala hakutaka kuivua. Nilikwenda naye. Nilivaa kitenge changu cha Wanawake Wakatoliki, chenye picha ya Bikira Maria mgongoni, nikambeba mtoto mimi mwenyewe, tukakaa benchi moja hadi kadi yake ikaitwa. Waliotaka kutazama walitazama.

Mtihani mwingine ulitoka upande wangu. Mtoto ana miezi minne hivi, akaanza kuhara na kuchemka mwili. Chanjo ya matone dhidi ya virusi vya rota ilikuwa imeanza kutolewa nchini mwaka huohuo na yeye alikuwa ameipata, lakini kuhara kuna sababu nyingi. Jirani mmoja, mwanamke wa jumuiya yangu, mcha Mungu kweli, aliingia, akamfungua mtoto mdomo, akasema: meno ya plastiki haya. Yupo fundi wa kuyatoa, si mbali. Baba naye alikuwa ameshasikia hayo kazini kwake na alikuwa tayari kwenda.

Kwa wasiolijua jambo hili: fundi huyo huchana fizi ya mtoto kwa wembe au kitu chochote chenye ncha, akachokonoa jino changa la chonge ambalo halijatoka wala kukomaa. Kwa kuwa ni laini na jeupe, wazazi wakionyeshwa wanaamini kweli ni plastiki. Mtoto anabaki na kidonda mdomoni, damu inavuja, hanyonyi vizuri, na kuhara kunaendelea palepale kulipokuwa. Tangu miaka ya 1980 imani hii imekuwa ikizunguka Tanzania, na haina dini. Wapo Walutheri, Wakatoliki, Waislamu na walimu wenzangu waliowapeleka watoto.

Damu walipoikataa niliacha, tende walipoitaka niliacha. Kwenye wembe sikuacha. Nilimwambia baba mbele ya jirani yangu, bila kuzunguka: “Mtoto ni wako, si wangu, na ukiamua kwenda sitakufungia geti. Lakini ujue mimi naona unampeleka kuumizwa. Anachokosa ni maji mwilini. Twende hospitali, nauli ninayo.” Jirani aliondoka amenuna na alikaa muda mrefu hanisalimii. Tulikwenda. Alipewa dawa ya maji ya chumvi na sukari na vidonge vya zinki, lakini alikuwa amekwisha legea, wakamlaza na kumtundikia dripu.

Usiku ule ndio ninaotaka kuusema hasa. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na kilio chake kilikuwa kimekwisha. Alfajiri mama yake alitoka kwenda kunawa aswali. Nilibaki peke yangu kitandani kwake na kikombe cha maji ya kuchanganyia dawa. Kila Mkatoliki aliyepita katekesimu anajua kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, kwa maji na maneno machache. Sheria ya Kanisa inaruhusu hata kama wazazi wake si Wakatoliki na hawajaridhia. Naamini katika ubatizo kuliko ninavyoamini katika dawa. Nilikishika kikombe. Hakuna ambaye angejua.

Kilichonizuia si woga. Mama yake alikuwa amekula kwa miezi kutoka kwenye sufuria ambazo hakuniona nikizipikia, kwa sababu tu nilimwambia ni safi. Kama ningeweza kumfanyia mtoto wake jambo la siri alfajiri ile, basi neno langu kuhusu zile sufuria nalo lilikuwa halina uzito. Nilikirudisha kikombe mezani, nikamwambia Mungu kwa Kikibosho kwamba mtoto huyu ni wake na ananiona. Binti aliporudi alikaa upande wa pili, akaanza kusoma zake polepole, nami nikaendelea na rozari yangu. Kulipopambazuka mtoto alinyonya.

Wapo wenzangu katika imani niliowasimulia wakasema nilifanya vibaya. Nawaheshimu, ila msimamo wangu haujabadilika. Miaka baadaye nilisoma habari ya Edgardo Mortara, mtoto wa Kiyahudi wa Bologna, Italia. Mtumishi wa nyumbani alimbatiza kwa siri akiwa mchanga, anaumwa. Mwaka 1858, akiwa na miaka sita, askari wa dola ya Papa walikuja kumchukua kwa wazazi wake kwa sababu hiyo, na hakurudi tena kuwa wao. Alikua akawa padre. Nilimfikiria yule mama wa Bologna, ambaye kila siku alimwachia mtumishi yule mtoto wake.

Wapangaji wangu walipata kiwanja chao wakajenga na kuhama, binti akaondoka na sufuria zake. Msichana yule sasa ni mkubwa, anasoma shule na madrasa, na akija ananiita bibi.

Sasa nina mjukuu wa damu yangu. Mke wa mwanangu ni mlokole, na kwao mtoto mchanga habatizwi. Anawekwa wakfu, abatizwe akiwa na akili zake. Hili limeniuma kuliko yote ya 2013, maana kwa mpangaji sikuwa na cha kudai. Niliwaita mtu na mkewe, nikawaeleza yote ninayoamini na kwa nini. Walinisikiliza hadi mwisho, wakakataa. Jumapili ya kumweka wakfu nilikwenda kanisani kwao, nikakaa viti vya mbele, nikampakata mtoto wakati mama yake anaimba. Kila jioni namwombea ubatizo kwenye rozari, na mkwe wangu analijua hilo, kwa sababu nimemwambia.