Masurufu ya chavua

Mwalimu wetu wa tafsiri alitupa aya ya Kifaransa juu ya chavua: jinsi inavyozalisha na kutumia nishati inapokua. Niliimaliza kwa saa moja. Neno "nishati" lilirudi mara saba, nami sikujiuliza kitu.

Likizo ya Pasaka nilimkuta mama anapukuchua mahindi. Mvua ilikuwa imekatika wakati wa maua, na mahindi mengi yalikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Minervali yangu inatoka katika shamba hilo. Nikataka kumweleza. Nikasema kila unywele wa hindi unafika kwenye punje moja changa. Chembe ya chavua ikitua juu yake huotesha mrija mwembamba, unaopita ndani ya unywele hadi kwenye punje. Safari hiyo inaweza kuzidi sentimita 20, nayo huchukua kama siku moja.

Mama akauliza: "Sasa ile vumbi, mu njia inakulaka nini?"

"Nishati," nilijibu. Akaendelea kupukuchua. Nikaona sikumjibu.

Usiku nilisoma tena aya yangu, safari hii nikitafuta chakula. Chembe huondoka na akiba yake, hasa wanga. Ikifyonza maji ya unywele, huamka, na wanga hugeuzwa sukari. Sukari nyingine huchomwa kwa oksijeni ndani ya mitokondria, na nguvu yake husafirisha vifurushi vya ujenzi mpaka kwenye ncha ya mrija. Nyingine hugeuka kuwa ukuta wa mrija wenyewe. Sukari ileile ni kuni, tena ni matofali. Lakini akiba haifikishi mwisho wa safari ndefu. Mbele, mrija hula sukari ya unywele.

Asubuhi nilimwambia: "Mama, inabebaka masurufu kidogo. Yakiisha, njia ndiyo inailisha. Unywele ukikauka, hakuna maji, hakuna chakula."

Akashika hindi moja, akapitisha kidole kwenye pengo. "Kumbe ilikufia mu njia."

Katika tafsiri niliyorudisha, "nishati" imebaki pale inapochomwa sukari. Pale chembe inapoondoka na akiba, niliandika "masurufu". Mwalimu aliweka alama ya kuuliza pembeni. Sikulifuta.