Mpwa Wangu, Jumanne Usikose Bungeni

Mombasa, 22 Juni 2024

Mpwa wangu,

Nakuandikia kwa sababu ya maneno yanayozagaa barazani: kwamba Alhamisi uliupigia Mswada wa Fedha kura ya Ndiyo, na sasa, kwa kuwahofia vijana wanaoupinga barabarani, Jumanne, siku ya kura ya Mara ya Tatu, utapata safari ya ghafla ili usiwaudhi wao wala kiranja wa chama. La Alhamisi limepita. Wabunge 204 walikubali, 115 wakakataa, na kura ya Kusomwa kwa Mara ya Pili huukubali mswada kwa jumla tu. Anayekataa Mara ya Tatu, baada ya vifungu kupitiwa kimoja kimoja, havunji kanuni yoyote. Hiyo safari ndiyo iliyoninyima raha.

Mbunge asiyekuwepo hahesabiwi kuwa amekataa. Kwa Katiba yetu, jambo huamuliwa na wengi wa waliopo na wanaopiga kura, basi kiti kitupu humfaa aliye na watu wengi. Kumbuka habari ya mafuta. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya 2013 iliyatoza mafuta kodi hiyo, ila ikayapa msamaha wa miaka mitatu. 2016 msamaha ukaongezwa miwili. Agosti 2018 wabunge wakataka uendelee hadi 2020, lakini Rais Uhuru Kenyatta akaurudisha mswada, akipendekeza asilimia 8 badala ya 16. Kumpinga kulihitaji thuluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349. Siku ya kikao maalum, Septemba 20, ukumbi ulijaa kelele. Aliyekuwa kitini akaamua kwamba idadi haikutimia, na ile asilimia 8 ikapita. Waliokosekana hawakuandikwa popote kuwa wameongeza kodi, lakini kodi ilipanda. Mwaka 2023 ikafika 16, na Septemba yake lita ya petroli Nairobi ikapita shilingi 211. Bei ya dunia na udhaifu wa shilingi vilichangia, sikatai. Ila mvuvi anayejaza mashine ya boti alfajiri hapewi hesabu ya nani kachangia nini. Hulipa, akaenda zake baharini.

Ndiyo maana situlizwi na habari kwamba wiki hii VAT ya mkate na ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 zimeondolewa. Kilichosogezwa leo hurudi mwaka mwingine kwa jina lingine, mswada ukishapita na waliopinga wakishachoka. Utaniambia deni la taifa limevuka shilingi trilioni 10, na wadai hawalipwi kwa kura ya La. Kweli. Lakini mswada ukianguka, kodi zilizo katika sheria za sasa zitaendelea kukusanywa. Kitakachobaki ni kupunguza matumizi, na bajeti haipiti pasipo nyinyi wabunge. Mnaogopa kuigusa, sijui kwa nini, ilhali mfuko wa mama muuza samaki hamwogopi kuugusa. Tena utasema chama ndicho kilichokupa tiketi. Hukuniuliza ulipoichukua, nami nilinyamaza, maana ukoo wetu haukuwahi kumtoa mbunge kabla yako. Ila Kifungu cha 95 cha Katiba chasema Bunge la Kitaifa huwawakilisha watu wa maeneobunge. Chama hakimo humo.

Simu usiizime watu wakikupigia. Vijana usiwaite wahuni hata kama kiranja anawaita hivyo. Alhamisi mmoja wao aliuawa kwa risasi Nairobi. Kiranja akikutishia kuhusu hazina ya eneobunge, mwambie hiyo ni fedha ya umma.

Jumanne kengele ya kura ikilia, uwe umeketi ukumbini, na upige La.

Mjomba wako